Majibu Manne ya Uongo

Kila swali la LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria vya Marekani, lina majibu matano, na manne kati yake yameandikwa na mtu anayelipwa kukupotosha. Kutunga jibu sahihi si kazi kubwa. Hoja ikishaandikwa vizuri, jibu lake limekwisha kuwamo ndani. Kazi iko kwenye yale manne. Moja ni la kumnasa aliyesoma haraka. Jingine ni la kumnasa aliyekuja na ujuzi wake wa nje. Liko ambalo ni kweli tupu, ila halikuulizwa, na liko ambalo lingekuwa sahihi lau neno moja tu lingepunguzwa makali. Mtunzi anayeijua kazi yake anamjua mtahiniwa kuliko mtahiniwa anavyojijua.

Ufundi huu niliuona kwa karibu kupitia binti wa dada yangu, aliyekulia Columbus, Ohio, na ambaye baada ya shahada ya kwanza aliamua kusomea sheria. Nyumbani mambo yangekwenda vingine. Tanzania na Kenya kijana anaweza kutoka sekondari akaingia moja kwa moja kusoma shahada ya sheria, na mchujo wake ni matokeo ya mtihani wa taifa. Marekani sheria husomwa baada ya shahada nyingine, kwa miaka mitatu, na mlangoni kuna mtihani ambao hauulizi sheria hata chembe. Hauulizi katiba wala mikataba, na hauna habari na jaji yeyote. Unauliza kama unajua kusoma. (Mwenye shahada ya sheria ya Dar es Salaam au Nairobi anayekwenda Marekani kwa uzamili wa sheria hupita mlango mwingine, huko kwa kawaida LSAT haidaiwi.)

Mtihani wenyewe ulianza Februari 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, wanajeshi waliorudi walikuwa wakilipiwa masomo na serikali, na vyuo vilifurika maombi. Wazo lilikuwa limetolewa mwaka 1945 na Frank Bowles, aliyeshughulikia udahili katika chuo cha sheria cha Columbia, na Harvard na Yale wakaingia katika mazungumzo. Walichotafuta kilikuwa kidogo kuliko watu wanavyodhani: namba ya kusaidia kubashiri nani atafanya vizuri mwaka wa kwanza wa masomo. Hakuna aliyedai kupima nani atakuwa wakili mwema, na ni vyema mwombaji alikumbuke hilo siku matokeo yanapotoka. Tangu 1991 alama huanzia 120 na kuishia 180, na anayefika 170 amewapita watahiniwa zaidi ya tisa katika kila kumi.

Tangu Agosti 2024 mtihani una sehemu nne za dakika 35 kila moja: mbili za kupima hoja, moja ya ufahamu, na moja isiyohesabiwa. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa ya aina yoyote kati ya hizo mbili, inaweza kukaa popote, na mtahiniwa haambiwi ni ipi. Ndimo watunzi wanamojaribia maswali ya mitihani ijayo. Yaani swali halipewi ruhusa ya kumhukumu mtu mpaka kwanza watu wengi wamepita juu yake bure, na swali lililowachanganya waliofanya vizuri kuliko waliofanya vibaya linajulikana kuwa na kasoro. Nimewahi kufundisha; mitihani mingi niliyotunga haikupata hata nusu ya heshima hiyo.

Tuchukue hoja moja, ya kubuni kwangu lakini ya umbo lile lile. Mwaka jana maktaba ya mji ilianza kufungwa saa nne usiku badala ya saa kumi na mbili jioni. Idadi ya vitabu vilivyoazimwa haikuongezeka. Ni wazi basi kwamba saa hizo za ziada hazikuwanufaisha wakazi. Swali: hoja hii inategemea dhana gani ambayo haikutajwa?

Jibu la kwanza linasema gharama ya kuiendesha maktaba usiku ni kubwa kuliko ya mchana. Huenda ni kweli, lakini hoja haikuzungumzia fedha. Linaloshika hapa ni ile tabia yetu ya kuona kila jambo la serikali za mitaa kwa jicho la bajeti. La pili linasema wanaokwenda maktaba usiku huazima vitabu vingi kuliko wa mchana. Hili liko jirani na ukweli, limezidisha tu: hoja haihitaji waazime vingi kuliko wa mchana, inahitaji waazime tu. La tatu linataja mji wa jirani ambako saa hazikuongezwa na uazimaji ukapanda. Hilo ni pambo.

La nne ndilo tamu. Linasema wakazi wengi walijua kwamba saa zimeongezwa. Mtu makini hulipenda, kwa sababu linaonekana limegusa udhaifu halisi: pengine watu hawakwenda kwa kuwa hawakuambiwa! Hapo ndipo wenye mtihani huu huleta kipimo cha kukanusha. Chukua jibu, ligeuze kinyume chake, kisha urudi kwenye hoja uone kama bado imesimama. Wakazi wengi hawakujua. Basi hawakwenda, na kama hawakwenda, hawakunufaika. Hitimisho limebaki palepale, tena limepata nguvu. Dhana ambayo ukiiondoa hoja inazidi kunawiri haikuwa nguzo ya hoja hiyo.

La tano linasema kwa lugha baridi kwamba kama wakazi wangenufaika na saa hizo, uazimaji ungeongezeka. Ligeuze: wangeweza kunufaika bila uazimaji kuongezeka. Mwanafunzi aliyekosa meza nyumbani, mzee wa kusoma magazeti, mama wa kutumia kompyuta kuombea kazi, wote wananufaika na hakuna anayeondoka na kitabu. Hoja imeanguka. Hilo ndilo jibu, na mtunzi amelivalisha nguo chakavu makusudi ili macho yalipite.

Kwa yote hayo mtahiniwa ana takriban dakika moja na nusu, na hapo ndipo wengi wanapokosea matayarisho. Wanaona saa, wanadhani tatizo ni saa, basi wanafanya mtihani wa majaribio juu ya mtihani wa majaribio kama anayekariri kwa kukesha. Mitihani ya zamani ipo, zaidi ya 50, kwenye jukwaa rasmi la watunzi. Michache ni bure, mingine kwa ada. Ni rahisi kuila yote kwa miezi miwili na kubaki na alama zile zile.

Mpwa wangu alianza hivyo, kisha akabadili mwendo. Alifanya sehemu moja kwa kupima saa, na kila swali alilolitilia shaka aliliwekea alama. Muda ulipokwisha hakufungua majibu. Aliweka simu mbali, akarudi kwenye yale yenye alama bila saa yoyote, akaandika jibu lake la pili kando ya la kwanza. Saa nzima iliweza kuishia kwenye maswali sita. Baada ya hapo ndipo alisahihisha, na kila sehemu ikampa alama mbili: ya kukimbizwa na ya kutulia. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo inayosema ugonjwa uko wapi. Ukikosa ukiwa na haraka na ukapata ukiwa umetulia, unahitaji mazoezi. Ukikosa mara zote mbili, hujaelewa, na hakuna kasi itakayokuponya. Walimu wa LSAT wanaupenda sana mtindo huu, na mimi niliyekuwa nimekaa jikoni na chai yangu nilianza kuupenda pia.

Kisha lilikuwepo daftari. Kwa kila swali alilokosa aliandika jibu alilochagua, kilichomvuta, na neno linaloliua, akitumia maneno yake mwenyewe, kwa sababu kunakili maelezo ya kitabu hakumfundishi mtu kitu. Nilisoma ukurasa mmoja kwa ruhusa yake. Kwenye swali moja aliandika kwamba alilichagua jibu kwa kuwa lilisema jambo ambalo angependa liwe kweli. Kwenye jingine, kwamba hoja ilisema „baadhi” na yeye akasoma „wengi”. Alikuwa akifanya kama fundi cherehani anayefumua mshono wake mwenyewe kuona sindano iliteleza wapi, tena siku baada ya siku, bila mteja yeyote kusubiri. Baada ya majuma kadhaa daftari lilionyesha jambo ambalo hakuna mwalimu angeweza kumwambia: makosa yake mengi yalikuwa kwenye majibu yaliyozidisha. Alikuwa mtu wa kuvutwa na sentensi zenye uhakika. Ukimjua mama yake, hushangai.

Kasi ilikuja nyuma ya hayo. Aliyeona jibu lililozidisha mara mia halitafuti tena, huliona kabla hajamaliza kulisoma. Kwa anayetazama kutoka nje hiyo inaonekana kama haraka.

Zamani ilikuwepo sehemu nyingine, ile iliyoitwa michezo ya mantiki. Watu saba, viti saba, fulani hakai jirani na fulani, fulani lazima atangulie fulani, panga. Watahiniwa walichora vijedwali pembeni na kuvimaliza kwa raha. Mwanamume mmoja wa Michigan asiyeona alishtaki, kwa hoja kwamba sehemu hiyo kwa hakika ilipima uchoraji na yeye hawezi kuchora. Mwaka 2019 pande mbili zikapatana, na tangu Agosti 2024 michezo hiyo haipo. (Mtihani wa wanasheria kurekebishwa na kesi: haki imetendeka pande zote.) Naona aliyeshtaki alikuwa sahihi. Hata hivyo nawaelewa wanaoisikitikia, kwa kuwa ile ndiyo ilikuwa sehemu inayofundishika kuliko zote. Mtu aliweza kuanza bila kuambulia chochote, na kwa subira peke yake akafika mahali hakosi hata moja. Hoja na ufahamu haziko hivyo. Zinadai miaka ya kusoma iliyotangulia, na miaka hiyo haigawiwi sawa kwa watoto wote.

Ufahamu una vifungu vinne, kimoja kati yake kikiwa jozi ya matini mbili fupi zinazozungumza au kupishana, utaratibu ulioanza 2007. Mada hutoka kwenye sheria, sanaa, jamii na sayansi, na huchaguliwa zile ambazo karibu hakuna anayezijua, ili wote waanze pamoja. Siri hapa ni kusikia nani anasema. Aya nzima inaweza kuwa maoni ya wanahistoria fulani, na mwandishi mwenyewe akajitokeza kwa neno moja tu la kuonyesha kwamba hakubaliani nao. Asiyelisikia neno hilo atajibu maswali matatu kwa kumpa mwandishi imani za wapinzani wake. Mpwa wangu alikuwa akisoma kifungu kwa dakika nne kati ya nane na kidogo alizo nazo, jambo lililonitia hofu, kisha akayapitia maswali kama anayesoma orodha ya majina anayoyafahamu.

Alama zikishapatikana, watu huona kazi imekwisha na kilichobaki ni fomu. Mimi naona nusu ya pili ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu hoja inayochunguzwa sasa ni wewe.

Insha binafsi, kwa kawaida kurasa mbili, ndiyo mahali ambapo waliofanya mtihani vizuri huandika vibaya. Rasimu ya kwanza ya mpwa wangu ilifungua kwa kusema kwamba tangu utotoni alichukia dhuluma na alitaka kuwa sauti ya wasio na sauti. Niliisoma nikanyamaza, maana mjomba hatakiwi kuvunja moyo. Siku mbili baadaye alinirudia nayo.

„Mjomba, hii sentensi ya kwanza, nani angeikanusha?”

„Kwamba unachukia dhuluma?”

„Eeh. Nani angeandika kwamba anaipenda?”

Hakuna. Sentensi ambayo kinyume chake hakisemeki haijasema kitu, na alikuwa amegundua kwamba karibu ukurasa wake mzima wa kwanza ulikuwa wa namna hiyo. Akaufuta.

Kilichokuja badala yake kilikuwa kidogo. Alikuwa amejitolea kupokea simu katika ofisi ya msaada wa kisheria, ile ya wapangaji wanaokaribia kutolewa kwenye nyumba. Mwanamke mmoja alifika na risiti zote za kodi ndani ya mfuko wa mchele, zimepangwa kwa mwezi, siku moja baada ya kesi yake kusikilizwa bila yeye kuwepo na kuamuliwa dhidi yake. Tarehe ilikuwa kwenye hati ya wito, ukurasa wa pili, katikati ya aya. Insha haikusema kwamba alilia, wala kwamba hapo ndipo wito wake ulipozaliwa. Ilieleza hati ile ilivyopangwa, ilieleza jinsi alivyoanza kumwuliza kila apigaye simu amsomee ukurasa wa pili kwanza, na ilitaja jambo ambalo bado halielewi: kwa nini anayeshindwa kwa kutofika huhesabiwa sawa na aliyefika akashindwa kwa hoja. Ikaishia hapo. Msomaji wa kamati ya udahili anapata mtu anayetazama karatasi mpaka aone inafanya nini, naye hakuambiwa kwamba anapewa hilo.

Aliyoyatoa yalikuwa mengi kuliko aliyobakiza. Kwa miaka mingi Yale iliwataka waombaji waandike, pamoja na insha ya kawaida, nyingine isiyozidi maneno 250 juu ya jambo lolote, na nadhani hakuna zoezi bora zaidi. Maneno 250 hayatoshi kujisifu, yanatosha kufikiri.

Kuna pia maelezo ya nyongeza, kwa mwenye doa la kueleza. Muhula mmoja wa chuo alama za mpwa wangu zilishuka. Rasimu ya kwanza ya maelezo hayo ilikuwa ukurasa na nusu, ikipitia ugonjwa wa baba, kazi ya usiku ghalani, na tabia ya mhadhiri mmoja. Ya mwisho ilikuwa sentensi tatu: muhula huo alifanya kazi usiku kwa sababu baba alikuwa hospitali, baba alirejea kazini kabla ya muhula uliofuata, alama za mihula iliyofuata zimeambatishwa. Mhadhiri hakutajwa. Ilimchukua muda mrefu kukubali kwamba mhadhiri, hata kama alikuwa na makosa, hakuwa dhana ya lazima.

Barua za mapendekezo nitazipita haraka: anayekufahamu vizuri anashinda mwenye jina kubwa, na umwombe mapema. Waliosoma nje ya Marekani wana kazi ya ziada. Matokeo yao ya chuo lazima yatumwe na chuo chenyewe kwa taasisi inayosimamia LSAT, ambako hukaguliwa na kupewa daraja la jumla badala ya wastani wa alama wa Kimarekani. Aliyesoma Dodoma au Eldoret na kwa sasa anaishi Minnesota anategemea basi ofisi ya msajili iliyo ng'ambo ya bahari, na mwenye busara huanza na barua hiyo kabla hajanunua hata kitabu kimoja cha mazoezi. Vyuo vingi hufungua maombi Septemba na kuyaamua jinsi yanavyoingia, kwa hiyo kuwahi kuna faida, lakini faida hiyo huisha pale unapowahisha rasimu mbovu.

Majibu yalipoanza kurudi, majira ya baridi, chombo chake cha kupima hoja kiligeukia upande mwingine. Chama cha Mawakili cha Marekani, ambacho huidhinisha vyuo karibu 200 vya sheria, hulazimisha kila kimoja kitangaze takwimu zake kila mwaka, na mpwa wangu alizisoma kwa jicho lile lile la maktaba na vitabu. Chuo kikisema wahitimu wake wengi mno wana ajira, alitafuta kwenye jedwali ni ajira gani: za muda wote au za vibarua, zinazodai leseni ya uwakili au za kuuza simu.

Chuo kimoja kilimpa msaada mkubwa wa ada, na dada yangu akapiga vigelegele jikoni. Barua ilikuwa na rangi na nembo, na katika aya ya nne ilisema msaada utaendelea mradi wastani wake usishuke chini ya kiwango fulani. Kiwango chenyewe kilionekana cha chini, alama ambayo hajawahi kuikosa maishani. Mama mtu akauliza shida iko wapi. Binti akamweleza kwamba vyuo vingi vya sheria hupanga alama kwa kulinganisha wanafunzi wenyewe kwa wenyewe, na mhadhiri hana A za kumgawia kila mtu. Wote waliodahiliwa hawajawahi kuikosa alama hiyo, na baadhi yao lazima waikose. Barua ilitegemea msomaji adhani kwamba darasa jipya litakuwa kama darasa la zamani.

Takwimu za misaada ya masharti nazo hutangazwa: wangapi waliipata, wangapi walipunguziwa au kunyang'anywa. Alizifungua, akahesabu, akanionyesha bila kusema neno. Kisha akaandika barua pepe fupi kwa ofisi ya udahili, akishukuru kwa heshima zote, akitaja ukurasa na mwaka wa jedwali, na kuuliza kama wangekuwa tayari kuliondoa sharti hilo. Alipomaliza aliisoma mara moja zaidi, akafuta neno „tafadhali” la pili, akaituma, akarudi kuosha vyombo.